Mstari wa Pili wa Wayua

Dalmas Obiero amepima vinyesi vya watu wa Ngoliba katika maabara ya zahanati kwa miaka ishirini na miwili, na wachache humsalimia kwa mkono. Hilo halimsumbui. Kinachomsumbua ni kuambiwa avae miwani.

"Mimi naona yai la mnyoo," huwajibu. "Nyinyi hata ng'ombe mnamwona akishafika kwa mahindi."

Ni kweli mayai aliyaona, kwa hadubini. Hadubini ina kigurudumu pembeni. Ukikizungusha, picha huwa wazi kwa macho ya anayetazama, yawe mazima au mabovu. Kwa hivyo macho ya Obiero yaliharibika polepole bila mwenyewe kujua.

Kisha vikaletwa vipimo vya haraka vya kichocho. Unatia tone la mkojo kwenye kiplastiki, unangoja dakika ishirini, unasoma. Mstari mmoja, huna minyoo. Miwili, unayo, hata kama wa pili ni hafifu. Kuhusu huo hafifu wataalamu bado wanabishana, lakini angalau wanabishana kuhusu mstari wanaouona. Obiero alivipenda sana. Tangu vije, Ngoliba nzima ilikuwa imepona.

Wayua, ambaye humwagilia nyanya akiwa amesimama ndani ya mto, alirudi mara ya tatu. Tumbo lilimuuma, choo kilikuwa na damu, na kwa kuwa maabara ilisema hana kitu, alikuwa akimeza dawa za vidonda vya tumbo.

"Huna kitu, mama."

"Hebu nione." Akakichukua kiplastiki. "Na hii ingine ya pinki?"

"Hicho ni kivuli."

"Kivuli cha pinki, daktari? Cha nani?"

Obiero alikisogeza mbali, akakileta karibu, akakipeleka dirishani. Akamwita Bridget, mfagiaji.

"Iko," Bridget alisema bila kuacha kufagia. "Hata ya Nzioki jana ilikuwa. Nilidhani unajua."

Obiero akaomba kinyesi. Slaidi tatu, hakuna. Ya nne, akazungusha kigurudumu: yai moja la kichocho, lenye mwiba ubavuni. Wayua akapewa dawa adhuhuri hiyo.

Viplastiki vya zamani havisomeki tena. Vikikaa, huota mistari ya uongo. Obiero akafungua daftari, akanakili majina sitini na manne ya watu aliowaambia hawana, akampa Bridget awapigie simu.

"Niwaambie nini?"

"Sema kipimo kilikuwa na shida." Akafunga daftari. "Hapana. Sema ni macho yangu."

Kesho yake alienda Thika. Ijumaa, wa kwanza kwenye foleni alikuwa Nzioki, kichupa mkononi.

"Daktari, hiyo miwani inakuzeesha."

"Keti," Obiero alisema. "Dakika ishirini."