Ndizi zetu ndani ya kitabu cha Kifaransa

Moshi, Jumamosi jioni

Dada Ndeshi na wenzangu wote,

Leo nimegombana na mgeni kwa sababu ya ndizi! Nimekimbilia intaneti kafe kuwaambia.

Marehemu mume wangu, Mrundi wangu, alitafsiri kwa Kifaransa kitabu kikongwe cha Kiingereza kuhusu biashara ya mataifa. Leo Désiré, mwanafunzi wake wa zamani, amekuja kuchukua mswada akauchapishe.

Akaufungua, akacheka.

"Mama, Mwingereza kaandika mataifa yanabadilishana nguo na divai. Mwalimu kaweka ndizi za Kilimanjaro na mchele wa Mabogini! Hii naifuta."

"Ukifuta, mswada unabaki hapa."

Mimi Kifaransa sijui. Lakini kila sura mume wangu alinisimulia kwa Kiswahili nikichambua kahawa. Hapo pa divai sikuelewa. Nikamwuliza, "Kama sisi wa mlimani na watu wa Mabogini kule tambarare, tunavyobadilishana ndizi kwa mchele siku ya soko?"

Akaruka kitini. "Mama Neema, ndiyo hasa!"

Nilipomsimulia hayo, Désiré akarudisha kalamu mfukoni.

"Basi Mama, divai inarudi mahali pake. Ndizi zitakaa chini ya ukurasa, ziwe maelezo ya mfasiri."

Nimempa mswada. Na mkungu wa ndizi, jamani, ningemwachaje aondoke mikono mitupu?

Mkiona mchele na ndizi sokoni, mtukumbuke sisi wawili, mimi na Mrundi wangu.