Viatu vya Trela

Nelius wa Runyenjes hukodisha viti vya harusi, akivivuta kwa trela ndogo nyuma ya pikapu yake. Miaka yote trela ilivaa tairi zilizochoka za pikapu, kama mtoto anayerithi viatu vya kaka yake. Kisha Jumamosi moja tairi ikapasuka kwenye lami ya Embu, na bibi harusi akawakuta wageni wake wote wamesimama.

Jumatatu Nelius aliingia dukani, akabonyeza tairi ubavuni kwa kidole gumba. Zilizobonyea alizirudisha. Akanunua mbili mpya, ngumu, za kubeba mzigo.

Mumewe Mutugi akanuna. "Sasa trela imevaa vizuri kushinda gari?"

"Baba Purity, gari inatubeba sisi wawili. Trela ndiyo inakalisha kanisa lote."