Maji Ambayo Sikuyaonja

Mwaka jana, ilipofunguliwa kisimani kwetu mashine inayochuja chumvi kwa utando mwembamba, vijana walipiga makofi. Mimi nilitazama suruali yangu nikacheka peke yangu.

Wakati wa vita vya Shifta, miaka ya sitini, serikali ya Kenya ilitukusanya sisi Wasomali kwenye boma moja upande wa Modogashe, kando ya kisima cha pampu. Pampu niliiendesha mimi. Maji yalitoka vuguvugu, chumvi kali. Watu wazima tulivumilia. Mtoto wa dada yangu, wa miezi mitano, hakuweza. Ngamia wetu walikuwa wamechukuliwa, dada amekaukiwa maziwa, na kila alichonyweshwa mtoto kilimharisha.

Shuleni nilifunzwa kwamba mvuke hauchukui chumvi. Nikafunika pipa, nikalitia bomba la shaba la lori bovu, nikalipitisha kwenye mchanga uliolowa ili mvuke upoe. Kuni zilikuwa taabu, maana kutoka bomani bila kibali ni kupigwa risasi. Nikawaza: maji yetu yana joto tayari, nijaze pomoni nipate mengi kwa moto mmoja. Yakachemka, yakafurika hadi ndani ya bomba. Nami nilikuwa nimefunga Ramadhani, basi sikuyaonja. Nikampa dada chupa nzima kwa majivuno.

Kesho yake mtoto alilia bila machozi, na nguo zake zilikuwa kavu tangu asubuhi. Nilimwambia dada chupa yake ndiyo chafu. Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Habaryar, mama yetu mdogo, alichovya kidole, akagusa ulimi, akatema.

"Chumvi tupu! Hukuonja?"

"Nimefunga, habaryar."

"Na sisi tunaoonja futari tukipika, tumefungua? Ncha ya ulimi, halafu unatema. Huko sekondari walikufundisha nini, kuvaa viatu?"

Nilimwomba dada msamaha palepale. Safari hii nilijaza pipa nusu, nikapunguza moto, nikaonja kila kikombe na kutema. Hayakuwa na ladha yoyote. Tulimnywesha kwa kijiko, na sukari kidogo, dada akihesabu vijiko kwa tasbihi.

Siku ya tatu nilikuwa nimempakata, nikahisi joto likienea mapajani. Amekojoa! Kwenye suruali yangu ya kaki, ya pekee. Habaryar alipiga vigelegele hadi askari wa lango akaja mbio na bunduki.

"Kuna nini hapa?"

"Abti yake ameoga!" akasema habaryar, akininyooshea kidole mimi mjomba.

Sikuivua suruali ile mpaka adhuhuri, sala iliponilazimu.