Aliyetoka Bila Kuaga

Mshawahi kuona friji imejaa hadi mlango unagoma kufunga, na nyumba ina watu wawili tu?

Mimi nimeiona. Kwangu. Na kazi yangu ni kutafuta vitu vinavyojaa bila sababu. Chekeni tu.

Ngoja nianze na kazini.

Tunatengeneza mfumo endeshi wa mashine za hospitali, zile zinazotunza picha za eksirei. Kitengo changu ni uhifadhi: faili likihitajika, msimbo wangu, yaani maagizo niliyoiandikia mashine, ndio unaokwenda kulitoa kwenye diski.

Mashine ikapata ugonjwa. Asubuhi inakimbia, mchana inajikokota, jioni imezimia. Kumbukumbu, ile nafasi yake ya kufanyia kazi, imejaa pomoni, na hakuna anayejua imejazwa na nini.

Mwenzetu mmoja tunamwita Zima-Washa, maana dawa yake ya kila kitu ni hiyo. Akasema, "Si tunaizima tu, tunaiwasha? Mbona inapona?"

"Mgonjwa yuko kitandani anasubiri picha, wewe unazima?" bosi akamaka. Kisha akanigeukia mimi. "Hospitali wakituacha, wa kwanza kutoka hapa ni wewe. Sikutishi, nakupa taarifa."

Basi nikahamia kazini, jamani. Natoka nyumbani mke wangu yuko bafuni, narudi kashalala. Simu yake naiona, nasema nitampigia, nasahau.

Siku moja akanivizia mlangoni. "Mume wangu, friji haifungi."

"Zima halafu washa."

"Nimesema mlango, wewe. Mlango ndio haufungi."

Nikaegemeza kiti kwenye mlango wa friji, nikaondoka zangu. Fundi huyo!

Mwizi wa kumbukumbu nilimkamata hivi. Kila programu inayotaka faili hutengewa nafasi yake. Ikimaliza inaaga, na nafasi inaachiwa nyingine. Nikazipekua zote zinazomaliza kazi vizuri: zinaaga. Safi.

Nikajiuliza, na zinazokosa faili je? Nikachomoa waya wa diski makusudi, ikashindwa kusoma.

Loh! Programu ilikosa faili, ikatoka kimya kimya mlango wa nyuma, na nafasi yake ikabaki imeshikiliwa, inaisubiri irudi. Nikarudia. Vilevile. Kumbe diski ya hospitali ilikuwa inakwama kwama kutwa, na kila ikikwama tunamtunzia nafasi mgeni aliyekwishaondoka.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja tu wa kuaga. Nikauandika, mashine ikashinda na kukesha bila hata kukohoa. Bosi akanipa mkono. Zima-Washa akasema yeye alishajua.

Siku hiyo nikarudi mapema, kichwa juu. Nikamkuta mke wangu jikoni, nikamwelezea yote hata hajauliza. "Yaani mtu anatoka bila kuaga, halafu mfumo mjinga unamtunzia nafasi! Unaamini?"

Akanitazama weee. Akasogeza kile kiti, mlango wa friji ukafunguka wenyewe.

Sahani. Sahani juu ya sahani, bakuli juu ya bakuli, zote zimefunikwa.

"Hii ya Jumatatu," akasema. "Hukusema kama huli nyumbani. Hii ya Jumanne. Hukusema."

"Sasa mbona hukumwaga chakula?"

"Nilidhani utakuja."

Nikageuka kutafuta pipa la taka.

Ndipo nikaliona begi lake pembeni ya mlango.

"Nakwenda kwa mama," akasema. "Sijui narudi lini. Lakini mimi naaga."

Funzo mnalitaka? Ukitoka, aga. Mambo yakienda vizuri aga, yakikwama ndiyo aga zaidi, maana kuna mtu kakuwekea nafasi na hajui kama aiachie.

Siku hizi natoka kazini jua bado lipo. Nikichelewa nampigia mke wangu kumwambia, ingawa nyumbani hakuna anayenisubiri. Anapokea, anasema, "Haya, nimesikia," anakata.

Na friji inafunga vizuri kabisa.