Mke Mkubwa wa Injinia

Jumamosi tulipokea posa ya binti wa marehemu kaka yangu, ghorofani kwetu Mchafukoge. Mshenga alifungua kitambaa chenye barua, akasifia: "Kijana wetu ni injinia wa mitambo. Ana digrii na ana ajira."

Dada yangu, shangazi wa binti, alikuwa akizungusha bangili mkononi. "Alisomeshwa na nani?"

"Kwa mkopo, bibi. Anakatwa kila mshahara ukitoka."

"Kabla haujafika nyumbani?"

"Kabla."

"Basi huyo ana mke mkubwa. Anachukua chake kwanza, na wala hapiki."

Tulicheka. Yeye hakucheka, akauliza mke huyo ataachwa lini. Mshenga akaanza kuhesabu miaka kwa vidole, kisha akaficha mkono ndani ya kanzu.

"Lakini mshahara wa injinia ni mzuri, bibi. Unawatosha wote wawili."

"Fundi wa gereji pale Gerezani anapata nusu yake, lakini ni kapera. Bora huyo." Akaanza kukifunga kitambaa, na kwetu kitambaa kikifungwa, posa imerudi.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Shangazi, mimi na yeye tulisoma darasa moja, kwa mkopo huohuo. Na mimi nina mume mkubwa."

Dada akakifungua kitambaa tena. "Basi ngoma droo. Tajeni mahari."

Ndoa zote za ukoo wetu nazikumbuka mimi. Hii ni ya kwanza ambayo wanaoana wawili, na chumbani wanaingia wanne.