Swali la Stefano

Juma lililopita, pale bandari ya Kalundu, harufu ya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, walioanikwa ilinirudisha kwenye alasiri moja ya utoto wangu.

Kaka zangu walikuwa hawasemezani. Stefano alikuwa karani wa Wabelgiji. Filipo alibeba mizigo bandarini na kuhudhuria mikutano ya siri ya kudai uhuru. Tena wote walimpenda Zaina, binti wa mfanyabiashara wa Rugenge, naye alimchagua Filipo.

Alasiri hiyo Stefano alinikuta nikitwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga. Akaniuliza kwa upole, "Filipo iko wapi?"

Nilidhani anataka wapatane, nikafurahi. "Iko Kalundu, nyuma ya ghala ya chumvi. Iko na Zaina na wale watu yake."

Alinipapasa kichwa, akaondoka. Nikaendelea kutwanga huku nikiimba.

Kabla jua halijazama, askari walimpitisha Filipo mbele ya nyumba yetu amefungwa kamba, Stefano akiwafuata nyuma. Filipo hakurudi tena.

"Nani alikuambia kule alikuwa?" mama alimuuliza Stefano.

Stefano alinitazama. "Hakuna muntu, mama. Minye mwenyewe nilimufuata."

Mpaka anaingia kaburini, mama hakumsemesha Stefano tena. Miaka yote hiyo nilikula nao chungu kimoja, nikanyamaza.