Mama Mkwe Mwenye Miaka Minne

Mama mkwe wangu ana miaka minne, na bado anavaa viatu kinyume. Cha kulia anakipeleka kushoto, cha kushoto kulia, kisha anatembea uani amenyanyua kidevu kama mtu aliyetoka kununua kiwanja. Nikimwambia abadilishe ananiuliza, "Mukwe, hii miguu ni ya nani?"

Ni binti yangu. Nilimzaa mwenyewe hapa Kasongo, na uchungu wake naukumbuka vizuri kuliko bwana yangu, ambaye akiusimulia anaufupisha. Lakini siku ya kupewa jina walimpa la mama wa bwana yangu, anayeishi Wamaza, na kwetu jina haliji peke yake. Anayebeba jina la mtu anabeba na nafasi yake. Kwa hiyo bwana yangu humwita binti yake "mama." Mashemeji zangu wakifika wanamsalimia yeye kwanza, wameinama. Na mimi nimekuwa mkwe wa mtu ambaye namfuta makamasi.

Bwana yangu ni fundi wa nguo. Cherehani yake iko barazani, na huyu mama yake mdogo hukaa chini ya meza akikusanya vipande vya vikwembe, yaani vitenge, vinavyodondoka. Siku moja alichukua mkasi akakata mkono wa shati la mteja, shati ambalo lilikuwa limekwisha kupigwa pasi. Bwana yangu akapandisha sauti. Mtoto akatoka chini ya meza, akajipangusa mikono, akasema polepole:

"Unamgombeza mama yako mbele ya watu?"

Mteja alicheka mpaka akakubali shati la mikono mifupi. Nilimwangalia akiondoka nalo, nikamwambia bwana yangu kwamba mama yake anajua kazi kumshinda. Alikuwa anatafuta pa kuficha mkasi, na mpaka leo yeye mwenyewe akiuhitaji anaomba asaidiwe kuutafuta.

Mimi nauza samaki wa kukausha. Nawanunua kwa akina mama wanaotoka Nyangwe, na anayenijua anajua kwamba kila kitu nakihesabu mara mbili: mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili kwa ajili yangu. Mtoto hunifuata sokoni. Bila kufundishwa na mtu, amejua kunusa samaki na kukunja uso kabla sijafungua mdomo. Hata samaki mzuri anamkunjia.

"Huyu wako anashusha bei kwa pua," mama mmoja wa Nyangwe aliniambia.

"Si wangu," nikamjibu. "Ni mama mkwe. Siwezi kumkanya."

Mpaka hapo desturi ilikuwa inanifaa. Sikuwa na neno nayo.

Lakini ina upande wake wa pili. Kwa watu wa bwana yangu, mtoto mwenye jina la mzee akishaacha ziwa na kupata nguvu kidogo, huenda kuishi na somo wake, yule mwenye jina, mpaka umri wa kuanza shule. Anakula naye, analala naye, anashika mambo yake. Bwana yangu mwenyewe alilelewa hivyo na babu yake. Nililijua hilo tangu nilipoolewa, kama unavyojua kwamba barabara ya Kabambare inaharibika wakati wa mvua. Unajua, lakini hufikirii mpaka siku una safari.

Karanga zilipokwisha kuvunwa, dereva wa pikipiki anayefanya safari za Salamabila alisimama mbele ya baraza. Alikuwa amepita Wamaza. Akashusha mfuko wa karanga, na juu yake kikapu kidogo chenye mfuniko, kimesukwa vizuri, kipya.

"Koko anasema karanga ni zenu," akasema dereva. Koko ni bibi, yaani mama mkwe wangu yule mkubwa. "Kikapu ni cha nguo za mutoto. Mukijaze. Anakuja kumuchukua somo wake."

"Lini?"

"Soko likipita hili, lile lingine."

Bwana yangu akaendelea kukanyaga cherehani. Nilitazama, sindano haikuwa na uzi.

Dereva alipoondoka nikamwuliza, "Unasemaje?"

"Ni desturi."

"Desturi imewahi kumchana nywele huyu mtoto? Mimi nikimchana ananiuma."

Akaanza kutafuta uzi. Basi nikachukua kile kikapu, nikakijaza dagaa wakavu mpaka juu, nikafunga mfuniko. Kilikuwa kizuri sana kwa dagaa.

Habari ilifika sokoni kabla yangu. Shangazi wa bwana yangu anauza mafuta ya mawese karibu na meza yangu, na hajawahi kuacha neno lipite bila kulishika mkia.

"Nasikia unamunyima mama mukwe somo wake."

"Sijamnyima. Hajafika."

"Akifika je?"

"Atakula vizuri."

"Weye unayejua kupatana, tutakuona. Huyu mama hajapata kushindwa bei na mutu. Mimi aliniuzia mbuzi wangu mwenyewe, na nikalipa."

Wengine wakacheka. Mimi pia ningecheka kama ingekuwa habari ya mtu mwingine.

Siku zile nilitafuta sababu, maana mtu haendi kupatana mikono mitupu. Nilifikiria barabara, lakini mama mkwe mwenyewe alikuwa anakuja kwa barabara hiyohiyo. Chakula je? Wamaza wanakula vizuri kuliko sisi, muhogo wao hautoki dukani. Na upendo sikuweza hata kuutaja, maana mwanamke yule anampenda mtoto huyu mpaka inaudhi. Nikapekua zote, nikazipekua tena, nikabaki na moja: nilitaka binti yangu aamke nyumbani kwangu. Hiyo si sababu ya kupeleka kwenye kikao cha ukoo. Ndiyo niliyokuwa nayo.

Akafika mchana, nyuma ya dereva yuleyule, amejifunga kikwembe kichwani mpaka machoni kwa ajili ya vumbi, jogoo chini ya kwapa. Ni mama mfupi, mkavu, anayetazama nyumba yako kama anaulizia bei. Mtoto akatoka mbio.

"Mama mwenzangu," mkubwa akamwambia mdogo.

"Mama mwenzangu," mdogo akamwambia mkubwa. "Huyo jogoo anauma?"

"Wezi tu."

"Mimi si mwizi."

"Basi mushike."

Wakashikana mikono, na jogoo katikati, wakaingia ndani bila kunitazama. Nilipika bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki mzuri kuliko wale ninaowauza. Mama mkwe akala taratibu, akanawa, akasifu sombe. Kisha akakiona kikapu chake pembeni, akafungua mfuniko, akanusa, akafunga.

"Nguo zake zinanuka hivi?"

"Nguo ziko kabatini, mama."

"Aa." Akarudi kukaa mkekani barazani, akanyoosha miguu. "Kesho asubuhi tunaondoka, sisi wawili. Atarudi akianza shule."

"Hapana, mama."

Bwana yangu alikuwa ameketi kwenye cherehani. Niliona mgongo wake umekaza.

Mama mkwe hakukasirika. Alinitazama kama mnunuzi anavyomtazama muuzaji aliyeanza juu mno. "Bon, sawa. Mpaka mavuno ya mupunga."

"Hapana."

"Mpaka karanga za mbele zipandwe."

"Hapana."

"Mwezi mumoja." Akamgeukia mwanawe. "Muke wako walinisifia sokoni pote kwamba anajua kupatana. Mutu wa soko anashuka kidogo, na mwenzake anapanda kidogo. Huyu amekaa palepale kama jiwe la kusagia."

"Kwenye samaki nashuka, mama," nikasema. "Hapa hakuna samaki."

Hapo nikajiona mjanja. Nilikuwa nimeweka neno moja akiba, nikalitoa. Nikamwambia: mama, ninyi wenyewe mlisema huyu si mtoto, ni mama mkwe wangu. Mwanao anamwita mama, ukoo unamwinamia. Sasa tangu lini mama mkwe wa mtu akahamishwa kama gunia, bila kuulizwa? Kama jina ni lake, na uamuzi ni wake.

Mama mkwe akafikiri. Nikaona pembe ya mdomo inapanda, na hapo ningepaswa kujua. Mtu akikukubalia bei haraka, umeuza vibaya.

"Umesema vizuri," akasema. "Tumuulize." Akamwita. "Mama mwenzangu. Kesho ninarudi Wamaza kwa pikipiki. Unakwenda na mimi ao unabaki na mukwe wako?"

Mtoto hakufikiri hata kidogo. "Kwa pikipiki?"

"Kwa pikipiki."

"Ninakaa mbele?"

"Katikati. Katikati ni kuzuri."

"Ngoja nivae viatu," akasema, akaingia ndani.

Mama mkwe akaokota karanga, akaimenya, akaitia mdomoni kama mtu aliyekwisha kulipwa.

Nilisimama. Neno langu la akili nilikuwa nimekwisha kulitoa, nalo limenigeukia. Nikasema, "Alichosema nimesikia. Hapana vilevile. Hana miaka ya kujua kwamba pikipiki ikimfikisha inaondoka, yeye anabaki. Ukoo ukae, useme kwamba nimevunja desturi, sawa, nimeivunja. Shangazi aitangaze sokoni, nitamsaidia kuita watu. Mtoto haendi."

"Unakatala mbele ya bwana yako?"

"Mbele yake. Na nyuma yake nitakatala vilevile, ili asichanganyikiwe."

Ndipo bwana yangu aliponyanyuka kwenye cherehani. Ni mtu wa maneno machache, na mengi yake ni ya vipimo. Akaja akachuchumaa mbele ya mama yake, karibu, kama mtu anayepima kiuno.

"Mama, mimi siku ile niliporudi kutoka kwa babu, unakumbuka?"

"Ninakumbuka."

"Ulikuwa mlangoni. Nikakupa mkono. Nikakuuliza habari za hapa na hali ya watu wa nyumbani kwako, kama mgeni. Watu wote wakacheka. Na weye ulicheka."

Mama mkwe akaacha kutafuna.

"Mimi sikuwa nacheza," akasema bwana yangu. "Nilikuwa sikujui."

Nimeolewa naye miaka yote hii, na habari hiyo sikuwahi kuisikia. Mama mkwe akatazama maganda ya karanga mapajani mwake, akaanza kuyakusanya moja moja kwenye kiganja.

"Sikucheka," akasema mwishowe. "Nilifungua mudomo tu. Watu walikuwa wananiangalia." Akasimama kwenda kutupa maganda nje, na alikaa huko muda mrefu kuliko maganda yanavyohitaji.

Aliporudi, mtoto alikuwa mlangoni tayari, viatu kinyume, kikwembe kimefungwa kichwani mpaka machoni. Alikuwa amejifunga mwenyewe, kwa hiyo haoni.

"Twende," akauambia ukuta.

Mama mkwe akamgeuza. "Hatuendi. Nimechoka. Nitakaa hapa kwanza."

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Sasa unataka kupatana?" akasema. "Hapana."

Nikamtandikia mkeka, na godoro juu ya mkeka. Sikutaka aseme Wamaza kwamba alilala vibaya.

Asubuhi dereva akaja kuwachukua, akaambiwa hakuna safari. Akalalamika kwamba amewakatalia abiria wengine. Mimi na mama mkwe tukamshukia pamoja, huyu kulia, huyu kushoto, mpaka akakubali fungu la samaki na akashukuru. Sijui hata alishukuru nini. Nilimtazama mama mkwe akipunguza samaki mmoja kwenye fungu baada ya makubaliano, nikajua mbuzi wa shangazi alikwendaje.

Lakini mtoto alikuwa amesimama palepale karibu na pikipiki, na alikuwa halii. Angelia ningeweza kumbembeleza. Alikuwa anangoja tu, kama mtu aliyepewa neno.

"Niliahidiwa katikati," akasema.

Mama mkwe akanitazama. Hii mara hakuuliza kwa mdomo.

"Mpaka njia panda," nikasema. "Na kurudi. Na weye dereva, hauzimi injini huko."

Wakapanda: dereva mbele, mdogo katikati, mkubwa nyuma amemzungushia mikono. Wakaondoka polepole, vumbi likawafuata. Shangazi wa mawese alikuwa anapita na bidoni yake ya mafuta kichwani, akasimama kando yangu.

"Kwa hiyo ameenda," akasema. "Nilisema mimi. Nilisema."

Nilikwenda nikasimama katikati ya barabara, mahali ambapo pikipiki isingeweza kupita bila kunigonga, nikangoja. Bwana yangu alitoka barazani akasimama pia, futi ya kupimia bado shingoni. Tulisikia injini ikienda mbali, ikawa ndogo, kisha ikageuka ikaanza kukua. Shangazi alishusha bidoni ilipofika.

"Ulitaka tumusalimie nani Wamaza?" mama mkwe akamwuliza shangazi, bado yuko juu ya kiti cha pikipiki. "Tumetoka huko sasa hivi. Nimemuchukua somo wangu, nimemurudisha. Desturi imetimia."

Nikanyoosha mikono nikamshusha mtoto. Nilimbeba kutoka barabarani, nikapita baraza, nikaingia naye ndani.

"Niko na miguu," akaniambia.

"Ninajua," nikasema, na sikumweka chini.